Kuona Wingi wa Fedha: Maneno kwa Watu wa Dumila



Leo twataka kusema habari ya hesabu kubwa za fedha. Mara nyingi neno "milioni" hutajwa mbele yetu, nasi huitikia kwa kichwa kana kwamba tumeiona. Lakini jambo tusiloliona kwa akili hatuwezi kuliuliza swali.

Natutwae mfano wa jirani. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga huko Kongwa, kwa matumaini ya kupata mafuta mengi. Mvua zilikuwa haba, na udongo ulipokauka ulikuwa mgumu mno kwa majembe ya mashine. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, na hasara yake, iliyotoka katika kodi za watu wa Uingereza, ilikuwa karibu paundi milioni 36. Siku zile paundi moja ilikuwa shilingi 20. Basi ni shilingi milioni 720.

Je, ni nyingi kiasi gani? Mtu akizihesabu moja moja, kila sekunde shilingi moja, usiku na mchana, bila kula wala kulala, atamaliza baada ya karibu miaka 23.

Tena tuzipime kwa mizigo. Mzigo wa mpagazi wa zamani ulikuwa ratili 60, na kwa sarafu za wakati ule ni kama shilingi 3,500. Basi wangetakiwa wapagazi zaidi ya 205,000. Wakipangwa katika njia kuu, kila mmoja na nafasi ya meta moja, wa kwanza angekwisha fika Dodoma, na wa mwisho angali hapa Dumila akijitwika.

Nasi tunazo fedha zetu: za shule, za kisima, za ushirika. Basi hesabu isomwapo katika mkutano wa kijiji, tusiitikie upesi. Kwanza tuigeuze iwe kitu tukijuacho: magunia mangapi ya mahindi, mabati mangapi, siku ngapi za kazi. Ndipo tutakapojua la kuuliza. Nanyi waalimu, wazoezeni watoto hesabu ya namna hii.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza ya kuwa daftari lisilofahamika kwa wenye mali ni sawa na lisiloandikwa.