Kwa Nini Adhuhuri ya Mombasa si Adhuhuri ya Kisumu



Nia yangu ni kueleza jambo ambalo watu wote huliona lakini wachache hulipima, yaani njia ya jua angani. Si elimu ya mabaharia peke yao. Yamhusu pia mkulima, na mtu afungaye saumu.

Kila mtu, popote asimamapo, ana nukta yake mbinguni iliyo juu ya kichwa chake sawasawa. Nukta hiyo ni utosi wa mbingu. Sasa fikirini mstari utokao kaskazini, ukapita katika utosi huo, ukashuka hata kusini. Huo ndio meridiani ya mahali pale. Jua likiukata mstari huo, ndiyo adhuhuri ya kweli, na kivuli cha kijiti kilichosimikwa wima huwa kifupi kuliko wakati wowote wa mchana ule.

Lakini msidhani kwamba jua huwa utosini kila adhuhuri. Kwa kawaida hupita upande wa kaskazini au wa kusini. Mombasa hupita utosini mara mbili tu kwa mwaka, kadiri ya tarehe 10 Machi na 3 Oktoba. Nairobi ni kadiri ya 17 Machi na 26 Septemba. Adhuhuri ya siku hizo kijiti hukosa kivuli. London hawalipati jua la utosini hata siku moja.

Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24. Basi kila saa ni digrii 15, na kila digrii ni dakika 4. Kwa kuwa huzunguka kuelekea mashariki, mji wa mashariki hutangulia kupata adhuhuri. Mahali pa meridiani, pakihesabiwa kwa digrii kuanzia meridiani ya Greenwich huko London, ndipo paitwapo longitudo. Greenwich ilichaguliwa na mkutano wa mataifa mjini Washington, mwaka 1884.

Zamani mabaharia hawakuwa na njia ya hakika ya kujua longitudo wakiwa baharini. Mwaka 1707 manowari nne za Uingereza, zikirejea kwao, ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly kwa kukosea mahali zilipo, na watu zaidi ya elfu moja wakafa maji. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza likaahidi zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayepata dawa. Aliyeipata ni John Harrison, seremala, aliyetengeneza saa isiyoharibiwa na msukosuko wa bahari. Baharia akiwa na saa ya nyumbani kwao, akaitazama wakati wa adhuhuri ya mahali alipo, tofauti ya saa humwambia longitudo yake.

Turudi kwetu. Mombasa iko karibu digrii 39 na theluthi mbili mashariki ya Greenwich, na Kisumu karibu 34 na robo tatu. Tofauti ni kadiri ya digrii 5, yaani dakika 20. Lakini saa za Kenya nzima hufuata meridiani ya digrii 45, ipitayo karibu na Mogadishu, nje ya nchi yetu. Kwa hiyo adhuhuri ya kweli huja, kwa wastani, saa sita na dakika 21 Mombasa, na saa sita na dakika 41 Kisumu. Majira ya mwaka huisogeza mbele au nyuma dakika kadhaa, ila tofauti ya miji hii miwili haibadiliki.

Basi mwenye saumu aliye Kisumu, akifuturu kwa adhana ya Mombasa aisikiayo redioni, atakula jua lingali juu. Saa ya mkononi ni mapatano ya watu. Jua halikuwamo katika mapatano hayo.

Asiyesadiki na asimike kijiti uwanjani, atie alama ncha ya kivuli kila dakika tano tangu saa sita. Alama iliyo karibu kuliko zote na kijiti itamwonyesha adhuhuri yake mwenyewe.