Kuhimili Ukosefu wa Ajira: Kijana wa Garissa Asiye na Kitambulisho



Asiye na ajira ni mtu aliye tayari kufanya kazi, anayeitafuta asiipate. Wasiwasi, msongo wa mawazo na sonona sote tunavijua, na dalili zake zimo kwenye makaratasi mliyogawiwa. Ushauri pia mnaujua: amka mapema, panga siku yako, endelea kutuma maombi, usijitenge. Nami, kama mnasihi, huutoa. Lakini unamfaa anayeweza kuomba kazi.

Hapa kwetu wapo wasioweza hata kuomba. Kambi za Dadaab zilipofunguliwa kuanzia 1991, familia za Wakenya zilizofilisiwa na ukame ziliandikisha watoto wao huko ili wapate chakula, matibabu na shule. Alama za vidole zikabaki katika orodha ya wakimbizi. Mtoto akifika miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, mashine humtaja kuwa mkimbizi. Bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hana M-Pesa, hana PIN ya KRA wala cheti cha maadili cha polisi. Akitaka kwenda Nairobi, anaviogopa vizuizi vya barabarani, ambako polisi hudai kitambulisho.

Aliyeshindwa kwenye mahojiano ya kazi anaweza kujiandaa upya. Huyu ajiandae kwa lipi? Hukesha usiku na kulala mchana. Hukwepa harusi kwa sababu kila jamaa atamuuliza, "Umepata?" Wengine huzama katika miraa, wengine huulizia tahriib, yaani safari ya kuhamia ng'ambo kisirisiri. Kinachoniumiza zaidi ni mama. Alichukua kadi ya chakula ya kambini akamwokoa mwanawe na njaa. Leo mwana anamlaumu kwa kadi hiyo hiyo, na mama mwenyewe anajilaumu. Sijaona mwongozo wa unasihi unaowazungumzia wawili hawa.

Bila kuilaumu ofisi yoyote, niseme wazi. Februari 2025 Rais Ruto aliondoa uchunguzi wa ziada kwa waombaji vitambulisho wa kaunti za mpakani. Tuliusubiri uamuzi huo kwa miongo mingi. Hata hivyo, kuondoa uchunguzi huo hakufuti alama za vidole zilizo katika orodha ya wakimbizi.

Kwa hiyo napendekeza kila ombi la kufutwa katika orodha ya wakimbizi lipewe tarehe ya kujibiwa, na jibu liwe la maandishi. Kungoja kusiko na mwisho kunaumiza kuliko kukataliwa. Kaunti ipeleke wanasihi katika vituo vya afya vya Fafi, Lagdera na Dadaab, wasibaki mjini. Mama na mwana wahudumiwe pamoja. Mashirika yanayotoa mafunzo na vibarua yapokee cheti cha kuzaliwa na barua ya chifu wakati kitambulisho kinasubiriwa. Maimamu wawaombe waumini wasiwahoji vijana kuhusu kazi mbele za watu. Familia zielezwe kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinapingana na Katiba. Wamlete mtu huyo hospitali bila hofu. Chuo Kikuu cha Garissa kifundishe wanasihi wanaozungumza Kisomali.

Na nalirudia la kwanza, maana kila mwaka huwa linaachwa nje ya maazimio ya mkutano wetu: jibu la maandishi, lenye tarehe. Naomba katibu aliandike leo kabla hatujatawanyika.