Fedha ya Pamba na Mlango wa Mpiga Ramli

Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 12, Mtume Paulo anawaonya Wakristo wasijifananishe na ulimwengu. Je, Mkristo wa Nkololo asiuze pamba? La, auze, tena adai mizani ya haki. Hatari i katika tamaa ya kutajirika upesi, impelekayo usiku kwa mpiga ramli. Kanda ya Ziwa tumeyaona matunda yake: ndugu zetu wenye ualbino waliuawa, viungo vyao vikatafutwa kuwa dawa ya mali, bibi zetu wenye macho mekundu (mekundu kwa moshi wa jikoni!) wakakatwa mapanga. Januari 2015 Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli. Lakini abishaye hodi kwao ni mteja, na pengine Jumapili hupokea Komunyo pamoja nasi. Katekista, mwendee huyo kabla ya msimu.