NYENZO YA KUHISI MWENDO NA FUNZO LAKE

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya vijana wanaojifunza utungaji wa programu za kompyuta.)

Tarehe 4 Novemba, 2010, kampuni ya Microsoft ilianza kuuza nchini Marekani chombo kiitwacho Kinect. Kiliunganishwa na mashine ya michezo ya Xbox 360, na bei yake ilikuwa kama dola 150. Mchezaji hakushika kitu chochote mkononi. Alisimama mbele ya televisheni, akainua mkono, akaruka, akainama. Na mashine ikaufuata mwendo wa mwili wake. Katika siku 60 za mwanzo viliuzwa vyombo milioni 8. Hata hivyo, historia ya chombo hicho si ya michezo peke yake. Ni historia ya nyenzo na wenye nyenzo, na kwa sababu hiyo yafaa izingatiwe na kila anayejiandaa kuifanya kazi hii.

Kwanza itazamwe kazi yenyewe. Kinect ilimwaga mbele yake maelfu ya vitone vya mwanga usioonekana kwa macho ya binadamu. Kamera yake iliangalia jinsi vitone hivyo vilivyosogea vilipoangukia mtu, kiti au ukuta, na kwa hesabu ikapatikana picha ya umbali. Ufundi huo ulitoka kwa kampuni ya PrimeSense ya Israeli. Juu yake watafiti wa Microsoft waliweka programu iliyoweza kutambua viungo 20 vya mwili: kichwa, mabega, viwiko, magoti na vinginevyo. Kompyuta ilifundishwa kwa picha nyingi mno za miili ya kubuni, mirefu na mifupi, minene na myembamba.

Mtunzi wa programu alipokea mahali pa kila kiungo mara 30 kwa kila sekunde. Kazi yake ilianzia hapo. Kutamka kwamba mkono umeinuka ni jambo jepesi; kuieleza kompyuta ni jambo zito. Umeinuka kupita bega au kupita kichwa? Kwa muda gani? Je, mgonjwa aliyepooza, anayejizoeza kuinua mkono kwa taabu, apimwe kwa kipimo cha kijana mwenye afya? Tena, viungo hutetemeka katika picha hata mtu akitulia tuli. Mtunzi akiuondoa mtetemo wote, programu huchelewa kumfuata mtu. Akiuacha, programu hubabaika. Hakuna kitabu kinachomaliza kazi hiyo. Humalizwa kwa kuwapima watu wenyewe, wa kila umri na kila umbo.

Aidha, kila chombo hubeba ndani yake nyumba ya aliyekiunda. Kinect iliundwa kwa ajili ya sebule yenye nafasi: mchezaji alitakiwa kusimama futi 6 hivi kutoka kwenye chombo. Jua kali lilifuta vile vitone vya mwanga, hivyo hakikufaa uwanjani wala chini ya mwembe. Nguo pana zenye kufunika miguu zilikitatiza. Anayevaa kanzu au aliyejifunga kanga ataelewa mara moja kwamba hakufikiriwa kwanza.

Ndugu vijana, sasa litazamwe suala la nani mwenye nyenzo. Chombo kilipotoka tu, kampuni ya Adafruit ya New York ilitangaza zawadi, iliyofikia dola 3,000, kwa atakayeandika programu huria ya kukiunganisha na kompyuta ya kawaida. Siku chache baadaye, tarehe 10 Novemba, Mhispania Héctor Martín akaipata. Microsoft ilikuwa imeanza kwa kukemea. Baadaye ikalegeza msimamo, na Juni 2011 yenyewe ikatoa zana za watunzi kwa majaribio. Maarifa yalikuwa yametoka sebuleni. Katika hospitali ya Sunnybrook mjini Toronto, Kanada, madaktari wa upasuaji waliweza kupekua picha za mgonjwa kwa ishara za mikono, bila kugusa kitu na kuchafua mikono iliyokwisha kusafishwa. Wengine walitunga programu za mazoezi ya viungo kwa wagonjwa.

Je, nini kilifuata? Novemba 2013 kampuni ya Apple ilithibitisha kuinunua PrimeSense. Aprili 2014 kituo cha OpenNI, kilichowagawia watunzi zana huria za PrimeSense, kikafungwa. Mwaka 2017 Microsoft ikaacha kutengeneza Kinect. Ikaleta nyingine, Azure Kinect, mwaka 2019. Na hiyo nayo ikatangazwa mwisho wake mwaka 2023. Uamuzi haukuwa wa daktari wala wa mgonjwa. Wahenga walikwisha kusema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Basi, nyenzo za kigeni zisusiwe? La hasha! Ziangaliwe kazi zilizonusurika. Maandishi ya OpenNI yalikuwa huria, hivyo wengine waliyahifadhi na kuyaendeleza. Mtunzi aliyeifungia kazi yake yote ndani ya Kinect alibaki na chombo bubu. Aliyetenga hesabu za viungo na chombo chenyewe aliweza kuuhamishia ufundi wake kwingine. Na pa kuhamia palikuwapo: OpenPose ya mwaka 2017 na MediaPipe ya mwaka 2019 zinatambua viungo vya mwili kwa kamera ya kawaida, hata ile ya simu ya mkononi.

Hapo ndipo lilipo jukumu la kijana msomi. Akariri kanuni za hesabu kabla ya kukariri vitufe vya chombo. Achague programu ambayo maandishi yake yako wazi, ayahifadhi, ayaelewe. Apime mwendo wa watu wa nchi yake, kwa ridhaa yao, wakiwa katika mavazi yao na katika mwanga wa jua lao, ili mashine isiwahesabu kuwa makosa. Chombo huweza kununuliwa leo na kufutwa kesho kwa uamuzi wa mkutano wa wenye mtaji. Ujuzi ulioingia kichwani na mikononi mwa wananchi hauna tajiri wa kuufuta.