Nafasi Yenye Alama ya Kiti Mwendo

Yale maegesho yenye alama ya kiti mwendo hayakupanuliwa kwa urembo. Dereva anahitaji kufungua mlango hadi mwisho, ashushe kiti, kisha ahamie. Ukiegesha juu ya ile michirizi ya pembeni, umemfungia ndani ya gari lake. Na ile “dakika mbili tu, nanunua mkate”? Hata ukiwasha indiketa zote, umeziba nafasi.

Kwa nafasi kama hizo, Uingereza hutoa kadi ya buluu kwa wenye ulemavu. Kadi ni ya mtu, si ya gari: mwana akiitumia ya mama yake kwendea sokoni ilhali mama yuko nyumbani, ametenda kosa. Tangu Agosti 2019, England huwapa pia wenye ulemavu usioonekana, kwa hiyo anayeshuka akitembea huenda ana haki kamili. Usimfokee.