Ruka, Lakini Ujue Kutua

Ndugu walezi wa vijana, wasichana wetu wanapenda voliboli na kuruka kamba, na hiyo ni afya. Lakini kano ya goti ikikatika, kupona ni miezi mingi, na katika michezo ya kuruka wasichana huumia hivyo zaidi ya wavulana. Mara nyingi goti huumia wakati wa kutua.

Basi wafundisheni hivi: nyayo ziachane kidogo, vidole vielekee mbele. Atue kwa sehemu ya mbele ya wayo, kisha kisigino, magoti yakikunjika na kufuata vidole. Magoti yakiingia ndani, simamisheni mchezo, mmrekebishe. Mkisikia kishindo, miguu imekakamaa. Goti hilo hilo ndilo la kuchota maji na kulima.