Sala ya Mvua

Leo tutajiuliza swali moja: Mkristo aombapo, afanya nini hasa?

Tuchukue mfano wa hapa kwetu Ugogo. Nchi hii ni kavu. Dodoma, Mvumi, Kongwa, kote mvua hunyesha tangu Desemba hivi mpaka Aprili, nayo kwa mwaka mzima ni kama milimita 500 hadi 600 tu. Desemba ikiingia bila wingu, watu huomba mvua makanisani.

Wengine hudhani kuomba ni kumpa Mungu habari, au kumbembeleza mpaka akubali. Sivyo. Baba ajua haja zetu kabla hatujasema. Bwana Yesu kule Gethsemane aliomba kikombe kile kimwondokee, wala hakikuondoka. Je, sala yake ilipotea bure? Hasha! Aliinuka na nguvu ya kutii. Basi kuomba ni kumwekea Baba haja yako mbele yake, kuyakubali mapenzi yake, kisha kuinuka ukafanye lililo juu yako.

Sasa lipo neno gumu. Wazee walitusimulia njaa ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Wakati wa vita vile majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikakosa. Watu wengi sana walikufa. Nani athubutu kusema walikufa kwa kuwa hawakuomba? Njaa ile haikuletwa na ukame peke yake; mikono ya wanadamu ilikuwamo. Na palipo na mikono ya wanadamu katika kunyang'anya, ndipo Mungu atakapo mikono ya wanadamu katika kugawa.

Yakobo alilijua jambo hili. Katika waraka wake asimulia jinsi Eliya alivyoomba, mvua ikanyesha. Lakini katika waraka huo huo aonya kwamba kumtakia heri ndugu mwenye njaa, usimpe chakula, hakumfai kitu.

Basi, ukiomba mvua, shamba lako liwe limekwisha kusafishwa. Panda uwele na mtama, maana huvumilia ukame kuliko mahindi. Na usalipo Sala ya Bwana, angalia vema: riziki tuombayo humo si yangu, ni yetu. Jirani asiye na unga leo yumo katika neno hilo. Ukiwa na debe mbili ghalani, huenda sala yake imekwisha kujibiwa, na jibu limelala nyumbani kwako.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Mvua isiponyesha baada ya sala, je, tumeomba bure?
2. Katika kijiji chetu, ni nani anayengoja jibu la sala mikononi mwetu?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.